Mgeni wa Miaka Kumi na Mmoja

Benchi lililo mbele ya duka la kahawa la Thrasos halikununuliwa na mtu. Lilikuwa la stendi ya zamani ya mabasi, na stendi ilipovunjwa wazee watatu wa Nea Ionia, mtaa wa mji wa Volo, walilibeba mchana kweupe, na askari aliyewakuta njiani akawasaidia kushika mguu wa nne. Tangu hapo ni lao. Wakati wa baridi linapata jua kuanzia saa tatu asubuhi hadi adhuhuri, na muda wote huo serikali hupinduliwa hapo mara mbili tatu kabla watu hawajaenda kula. Upande wa ukutani hukaa Waziri, aliyeendesha teksi miaka thelathini na hajawahi kushika wadhifa wowote zaidi ya usukani. Ncha ya barabarani hukaa Antena, fundi televisheni, ambaye kwake kila balaa duniani linaingia kwa waya au linashuka kutoka angani. Katikati hukaa Stempu. Jina lake la ubatizo ni Agisilaos, lakini alikaa dirishani kwenye ofisi ya manispaa akigonga mihuri mpaka akastaafu, na mpaka leo anatembea na kalamu kwenye mfuko wa shati. Mtu wa mtaa huu akiwa na fomu ya kujaza, haendi kwa wakili. Anakwenda benchini.

Siku ya kwanza ya Februari, Waziri alifika na habari kabla hajavua hata glavu. Bi Evanthia amenyimwa tena ule msaada wa serikali wa kulipia pango, na hii ni mara ya pili. Wote walimjua Bi Evanthia: mjane wa Minas mpaka rangi, fundi wa kupunguza nguo, mkazi wa vyumba viwili vya uani nyuma ya duka la kahawa, nyumba ambayo nayo ni ya Thrasos. Suruali zote tatu zilizokalia benchi asubuhi ile zilikuwa zimepita mikononi mwake. Tangu Krismasi Thrasos alikuwa amepandisha pango, akisema wanafunzi wa chuo wanagombania vyumba kama vile, na mama wa watu alikuwa ameshayapima maisha yake. Akiupata ule msaada, anabaki. Asipoupata, anahamia mji wa Larisa kwa wifi yake, akalale kwenye kochi la sebuleni na cherehani ikae stoo. Dirisha la maombi lilikuwa linafungwa Ijumaa.

Thrasos alitoka na trei ya kahawa. Aliweka vikombe bila kuuliza, maana hakuna aliyebadili sukari yake miaka yote hiyo: Waziri chungu, Antena tamu, Stempu ya wastani, kama alivyo mwenyewe katika kila jambo. Aliposikia wanazungumza nini, alifuta meza ambayo haikuwa chafu, akarudi ndani.

— Hii ni kazi ya wizara, — alianza Waziri. — Wametangaza kwenye televisheni kwamba pesa zipo. Sasa zikishatangazwa, za kugawa zitoke wapi tena? Maofisa wameambiwa: katika kila maombi kumi, angusheni saba.

— Nani kakwambia? — aliuliza Antena.

— Nimebeba maofisa wangapi mimi? Mtu akikaa kiti cha nyuma hutapika yote.

— Teksi umeiuza mwaka wa nane huu, Waziri.

— Na siri zao ninazo mpaka leo, bwana. Hazina tarehe ya kuharibika.

Antena alikunywa funda moja akatikisa kichwa kwa huruma, kama daktari anayemsikiliza mganga. Akasema maofisa siku hizi ni mapambo tu, anayeamua ni mashine. Na mashine imeonaje? Imeona kwa mita ya umeme. Zile mita mpya walizofunga mwaka juzi hazipimi umeme peke yake, zinapima na tabia. Cherehani ya Bi Evanthia ni ya zamani, ya chuma, inavuta umeme kwa pupa. Mashine ikiona mvuto ule kila asubuhi na kila jioni, inasema hapa hakuna mjane, hapa pana kiwanda.

— Kiwanda, — alirudia Waziri.

— Cha watu arobaini. Na mwenye kiwanda utamlipia pango kweli?

— Kwa hiyo angeshona kwa mkono angepewa?

— Angeshona kwa mkono na kwa mshumaa. Usicheke, mimi nimefungua mita kwa bisibisi hii hii.

Stempu hakucheka wala hakubisha. Alikuwa anakizungusha kikombe kwenye kisahani chake, robo kwa robo. Siku nyingine yeye ndiye aliyekuwa akiwarudisha wenzake ardhini, akiwaambia fomu fulani ina kipengele fulani na habari inaishia hapo. Leo aliwaacha wapae.

Na wakapaa kweli. Waziri hakukubali kushindwa na mita. Akasema kule Athene yuko Evanthia mwingine, tajiri, mwenye majumba matatu na mbwa mwenye bima, na kompyuta imewachanganya wanawake wawili kuwa mmoja. Antena akamjibu kwamba kompyuta haichanganyi majina, inachanganya picha. Setilaiti inapita juu ya Volo kila siku saa nne na dakika kumi. Inapiga picha kamba za nguo. Sasa kwenye kamba ya Bi Evanthia, ambaye anapunguza suruali za mtaa mzima na kuzipitisha majini kabla ya kuzipiga pasi, setilaiti imeona nini?

— Suruali, — alisema Waziri, akiwa amekunja uso kwa kufikiri.

— Ngapi?

— Labda thelathini.

— Basi. Mashine imehesabu wanaume thelathini ndani ya vyumba viwili. Inauliza, wote hao hawana kazi?

Waziri alisogea mbele na kushusha sauti. Alisema yeye hakutaka kulitoa hili, lakini maadam wamefika hapa, acha alitoe. Upo mpango, mpango wa Ulaya nzima, wa kuwahamishia wajane wote Larisa. Kwa nini Larisa? Kwa sababu ni tambarare. Mjane wa Volo anapanda na kushuka, anavunjika nyonga, hospitali inaingia hasara. Mjane wa Larisa hana pa kuanguka.

— Na ndiyo maana wifi yake yuko huko? — aliuliza Antena.

— Wifi alitangulizwa.

Walicheka, na Waziri mwenyewe akacheka. Kisha Antena akamgeukia Stempu.

— Na wewe mbona leo umeuchuna? Fomu si ulimjazia wewe?

— Nilimjazia, — alisema Stempu.

— Haya, mwenye fani ni wewe. Kosa liko wapi?

— Sijui bado. Nalifuatilia.

Alikuwa anajua. Alikuwa anajua tangu Oktoba, Bi Evanthia alipomletea barua ya kwanza kwa sababu hakuwa na miwani, na yeye akaisoma akiwa amesimama pale pale mbele ya benchi. Barua ilikuwa fupi. Ilisema mwombaji halipi pango, kwa mujibu wa tamko lake mwenyewe anahifadhiwa bure na mwenye nyumba, na asiyelipa pango hawezi kusaidiwa kulilipa. Stempu aliikunja akamwambia kuna kasoro ndogo, wataomba tena. Barua aliitia kwenye droo ya soksi zake.

Tamko lile ni mwandiko wake. Miaka kumi na mmoja iliyopita, arobaini ya Minas haijaisha, Thrasos alitoka na kahawa, akamwinamia sikioni. Alitaka vyumba vya uani vimfae mjane, bei nafuu, lakini hakutaka watu wa kodi ya mapato wajue kwamba vinaingiza kitu. Njia ilikuwa ile inayojulikana na mtaa mzima: mpangaji anatia sahihi kwamba yeye ni mgeni wa mwenye nyumba, analala bure, na kila mwezi analeta bahasha kimya kimya. Nusu ya mtaa ilikuwa ya wageni wa namna hiyo, hakuna aliyeliona kuwa jambo. Na Stempu angemkataliaje Thrasos? Yeye ndiye aliyemshika binti wa Thrasos kwenye maji ya ubatizo, na kwa watu wa huku hilo ni undugu kamili, wanaitana kumbaro mpaka kaburini. Akaandika mistari minne juu ya goti lake. Bi Evanthia, aliyevaa nyeusi juu mpaka chini kwa msiba, aliuliza mara moja tu kama karatasi ile haitamletea matatizo mbele ya safari. Stempu akamjibu:

— Ni karatasi tu, Bi Evanthia. Haiumi.

Maneno yale ndiyo yaliyokuwa yakimtafuna sasa. Baada ya barua ya kwanza alijikaza akaenda kwa Thrasos, akamwambia wasahihishe, waandike mkataba wa kweli. Thrasos hakugomba. Alimwongezea kahawa, akamweleza kwa upole kwamba wakifukua jambo lile watazama wote watatu: yeye kwa kodi aliyoificha, mjane kwa kutia sahihi uongo, na Stempu, mtu wa manispaa aliyestaafu kwa heshima, kwa kuuandika. Kisha akasema, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, kwamba benchi lile limewekwa kwenye kibaraza chake.

Stempu akarudi kukaa. Na Novemba, Bi Evanthia alipokuja na fomu mpya, aliijaza upya yote, kwa mwandiko mzuri, akijua itakataliwa. Hilo ndilo alilokuwa hawezi kujisamehe. Karatasi ya kwanza aliiandika kwa uzembe, kama kila mtu. Hii ya pili aliiandika kwa woga, na ikamlia yule mama miezi miwili ya matumaini.

Pembeni ya benchi alikuwa amesimama mwalimu mpya wa shule ya msingi, Kaliroi, mtu wa kisiwa cha Hios, aliyehamishiwa hapa mwezi uliopita na kupanga chumba ng'ambo ya barabara. Alikuwa anasubiri kahawa ya kuondoka nayo, na kwa kuwa mlango ulikuwa umezibwa na hoja za Waziri, alikuwa amesikia kuanzia mita mpaka Larisa.

— Samahani, wazee wangu, — alisema. — Mimi mgeni hapa, labda sijaelewa. Kwani huyo mama analipa pango, au halipi?

Basi likapita. Waziri akaanza kutafuta glavu yake ya pili, ambayo ilikuwa mapajani mwake. Antena alitazama juu, upande setilaiti inakotokea. Kila mmoja wao, kila siku ya kwanza ya mwezi, kwa miaka kumi na mmoja, alikuwa amemwona Bi Evanthia akipita mbele ya magoti yao na bahasha mkononi, akiwasalimia, akaingia dukani na kutoka bila bahasha. Walikuwa wakimwitikia salamu na kurudi kwenye siasa. Thrasos alikuwa amefika mlangoni na kikombe cha mwalimu, naye akasimama kusubiri jibu kama wengine.

Mlango mdogo wa uani ukalia. Ilikuwa siku ya kwanza ya mwezi.

Bi Evanthia alikuja polepole na koti lake zuri la kanisani. Bahasha aliishika kwa mikono miwili. Aliwasalimia wote, na mwalimu pia, kisha akamnyooshea Thrasos bahasha palepale mlangoni, maana mlango ulikuwa umejaa watu.

Thrasos aliitazama bahasha, akamtazama mwalimu.

— Hii ya nini tena, Bi Evanthia?

— Ya pango.

— Pango gani, mama? — Thrasos alicheka kwa wema, akageuka kumweleza yule mwalimu. — Huyu ni mgeni wangu. Namhifadhi tangu mumewe alipofariki.

Bi Evanthia aliirudisha ile bahasha kifuani, na uso wake haukubadilika, ila shingo ilipanda wekundu taratibu mpaka masikioni. Stempu aliona aibu, akaona aibu zaidi kwamba mwenye kuona aibu alikuwa yule mama. Alitamani ardhi ipasuke immeze, na akajua wakati huo huo kwamba haitampa nafuu hiyo.

Yule mama akaja akasimama mbele ya benchi, mbele ya Stempu. Hakuwahi kumwita kwa jina la utani.

— Bwana Agisilaos. Jana nilikwenda dirishani kwako.

— Kwangu?

— Pale manispaa, ulipokuwa unakaa. Yuko binti pale sasa, ana haraka, lakini ana moyo. Nilimpa barua ya pili, akanisomea. Halafu akaitafuta na ile ya kwanza kwenye kompyuta, akanisomea nayo. Zinasema maneno yale yale.

Stempu alitaka kusema kwamba hakutaka kumvunja moyo. Alitaka kusema kwamba Thrasos ni kumbaro wake. Yote mawili yalikuwa kweli, na yote mawili hayakufaa kusemwa mbele ya mwanamke aliyesimama na bahasha.

— Nisamehe, — alisema.

— Sikuja kwa hilo. Binti anasema kuna karatasi nyingine inaweza kuandikwa kabla ya Ijumaa. Ya kusema ile ya kwanza haikuwa kweli, na kwamba nilikuwa nalipa. Watu walioniona nikilipa wanatia sahihi chini. Anasema itakuwepo faini. Yangu nitailipa kidogo kidogo, nimeshamwambia.

Waziri alisema basi lake la saa tano lilikuwa linakaribia. Waziri hajapanda basi tangu azaliwe. Lakini hakuinuka, alibaki ameshika glavu, akiitazama suruali yake pale ilipokunjwa vizuri juu ya kiatu. Antena alikipeleka kikombe mdomoni akakuta mashapo, akakishusha.

— Kumbaro, — alisema Thrasos kutoka mlangoni. Alilisema neno hilo moja tu, kwa upole, na trei ikiwa mkononi.

Mwalimu alikuwa ameisahau kahawa yake. Bi Evanthia hakumtazama mwenye nyumba. Alikuwa anautazama mfuko wa shati la Stempu, mahali kalamu ilipokuwa.

— Ile ya kwanza uliiandika hapa hapa, — alisema. — Nakumbuka, kahawa yako ilikuwa haijapoa. Hii nyingine itachukua muda gani?

Jua lilikuwa bado liko kwenye benchi, na miguu minne ya wazee wawili na miwili ya Stempu ilitulia kama miguu ya watu wanaopigwa picha. Stempu alifikiri juu ya jina lake pale manispaa, juu ya binti wa Thrasos aliyemsimamia ubatizo, juu ya asubuhi zote zilizobaki na wapi angezikalia. Alifikiri pia juu ya kochi la Larisa, na juu ya cherehani ya chuma ndani ya stoo, imefunikwa shuka. Mkono wake ulipanda mpaka kifuani, ukafika kwenye kalamu, ukatulia pale.

— Basi nitasubiri, — alisema Bi Evanthia.

Hakuna mwanamke aliyewahi kukalia benchi lile, si kwamba walikatazwa, ila haikuwahi kutokea. Yeye aligeuka, akashika koti lake nyuma lisikunjamane, akakaa katikati yao na bahasha magotini.

Stempu alisogea kumpisha. Hilo aliliweza.